Kutwa Mara Tatu

Saa mbili kasorobo, Wete, uchochoro wa nyuma ya soko.
Bi Zuwena anainua mlango wa bati kwa bega la kushoto;
la kulia lina baridi yabisi, na dawa yake, asema,
iko rafu ya tatu, na huko huko itakaa.

Siku yangu ya tatu ya mazoezi. Bado ananiita Mwanafunzi,
ingawa kwenye koti mama kanitarizia: Raya.
"Mwanafunzi, toa kalamu sikioni, shika kitambaa.
Dawa huanza na vumbi."

Nikafuta. Nikasoma migongo ya maboksi
kama mtoto wa chuoni asomaye juzuu bila kujua maana,
majina marefu ya kigeni, ulimi ukipanda na kuteremka.
Friji dogo linaguna pembeni,
ndani mna insulini za watu saba, kila moja na mwenyewe,
na kipimajoto nitakachokiandika mara mbili leo
umeme ukiwepo, mara sita usipokuwepo.

Wateja hawaji na majina marefu.
Huja na "ile nyekundu kwa nyeusi",
huja na karatasi ya fedha iliyochanika katikati ya neno,
huja na "ile aliyonipa marehemu mumeo",
na Bi Zuwena anaijua.
Kijana mmoja alinunua panadoli mbili,
akangoja duka liwe tupu,
akanunua panadoli mbili nyengine, akangoja tena.
"Mwanafunzi, nenda kahesabu bahasha huko nyuma."
Nikazihesabu. Nilipotoka alikwisha kwenda zake.
Sikuuliza.

Vidonge huhesabiwa vitano vitano,
ncha ya kisu cha plastiki ikivisukuma sinianí.
Nilikosea mara moja. Akanirejesha mwanzo
bila kuinua macho: alisikia.

Mzee Faki wa Kinyikani akaja na cheti cha hospitali,
vidonge ishirini na moja.
Akafungua fundo la kitambaa, akahesabu noti
polepole, kama mimi.
"Nikatie kumi, mwanangu. Karafuu bado zi juani."
Nikashika mkasi. Wallahi nikashika mkasi.
Mkono wa Bi Zuwena ukatua juu ya wangu.
"Mzee Faki, ukipalilia nusu ya shamba,
magugu ya nusu ya pili yatakaa kukungoja?"
Akafungua daftari la deni, akaandika, akafunga.
Ishirini na moja.
"Zikikauka."

Baada ya adhuhuri akaingia Salhina,
mtoto begani, moto kama jiwe la juani,
mkononi chupa tuliyoitia maji juzi mpaka kwenye mstari.
Maandishi ya kibandiko ni yangu.
"Umempa vipi?"
"Kama mlivyoandika. Kutwa mara tatu.
Jua likitoka, jua la utosi, jua likizama.
Usiku nikamwacha alale.
Usiku si kutwa."

Nikafungua mdomo. Darasani tulilikariri:
kutwa mara tatu, yaani kila baada ya saa nane.
Nilipata tisini na mbili.
Lakini neno alilijua yeye. Jua likichwa, kutwa imekwisha;
kinachofuata ni kucha,
na kucha sikuiandika. Homa ikaukuta usiku mtupu,
ikakesha nao.

Bi Zuwena hakunitazama. Ningependa anitazame.
Akamgusa mtoto shingoni, akamwambia mama yake,
"Leo hii arudi akaonwe na daktari, usingoje kesho."
Kisha akanipa kalamu.

Nikakata *kutwa*. Nikaandika:
saa kumi na mbili asubuhi,
saa nane mchana,
saa nne usiku, muamshe.
Nikampa na bomba la kupimia, maana kumbe
kijiko chake ni kile cha kukorogea uji.
Salhina akasoma, midomo ikitembea.
"Sasa hichi Kiswahili," akasema.

Daftari la chuo lina kisanduku: *Umejifunza nini leo?*
Mistari miwili tu.
Niliandika: kuhesabu vidonge, joto la friji.

Bahasha mia mbili zimepigwa chapa KUTWA MARA, kisha nafasi.
Niliomba nende nazo nyumbani nikaziandike upya.
"Nenda nazo. Ila wino ni wako," akasema,
akiteremsha mlango kwa bega lile lile.

Bahasha ya sitini na tatu, kalamu ikasimama.
Saa ya ukutani: saa nne.
Muamshe, nikasema,
chumbani, peke yangu.